Dawa ya Shosho Hainywewi na Chai

Dundori, Mei 2008

Wambui, mama yangu,

Utashangaa kuona barua kutoka kwangu, mtu ambaye kuandika kwake ni majina ya ng'ombe kwa kadi za chanjo. Lakini uso kwa uso sikuwezi. Nikianza kuongea utanikata na neno moja, mama yako atacheka, na maneno yangu yataishia hapo. Kwa hivyo nimengoja mwende mjini kusukwa nywele, nikakaa hapa mezani na kalamu yako.

Jana ulituambia huendi Nairobi. Ulitoa nguo zote kwa sanduku ukazirudisha kwa kabati, moja moja, na hukutaka kuulizwa. Leo mama yako amekuvuta mpaka Nakuru akisema hata mtu asiyesafiri anasukwa. Huyo mama yako, tangu nimtoe Kakamega, sijawahi kumshinda kwa lolote. Ndiye alileta Kiswahili kwa hii nyumba, ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili, asije akasema kuna kitu nilimficha.

Kesho ndiyo siku ya kwenda. Chuo kimekupa nafasi ya kusomea kazi ya maabara, kupima damu za watu, na usipofika nafasi hiyo inachukuliwa na mwingine. Unajua hivyo kuliko mimi. Na mimi najua kinachokuzuia, kwa sababu ulikisema mlangoni ukiwa umenipa mgongo: "Baba, nani atampa shosho dawa? Na nikirudi, atanijua?"

Mambo ya kuvaa sweta, ya kufunga mlango na ya vijana wa Nairobi, mama yako ameyasema na atayasema tena mpaka gari ling'oke. Mimi nataka kukuambia mambo ya shosho, huyu mama aliyenizaa, na mambo yangu. Nilikosea mengi kwa hii safari ya ugonjwa wake, na kila nilipokosea ni wewe ulinirudisha kwa barabara. Sijawahi kukushukuru vile inafaa. Wanaume wa huku tunafikiri tukikununulia viatu tumesema asante.

Watu wa kina mama yako hucheka wakisikia mwanaume mwenye mvi anaita msichana "mama." Wacha wacheke. Wewe ni kifungua mimba, na kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Ulipozaliwa, mama yangu alikushika, akakuangalia sana, akasema, "Huyu ni mimi, lakini amekuja na nywele nyingi." Kutoka siku hiyo nyumba yangu ina Wambui wawili, na wote wawili wananipigia kelele.

Mama yangu alikuwa mtu wa kuogopwa, na nasema hivyo nikijivuna. Baba alipokufa alibaki na hili shamba na sisi, na hakuna hata siku moja alikaa chini kujihurumia. Madalali wa viazi, hizi waru zetu, walikuja na malori kutoka kila mahali wakitaka gunia la lumbesa, lile la kujazwa mpaka linaota kichwa juu, bei ikiwa ile ile ya gunia la kawaida. Wengine wote hapa walikubali. Yeye alisimama mbele ya lori na leso yake kichwani akasema, "Gunia lina mdomo, na mdomo unafungwa." Walikuwa wakimtukana wakienda, halafu wiki ijayo wanarudi, kwa sababu waru zake zilikuwa safi.

Huyo ndiye mtu aliyeanza kupotea mbele yetu, na hatukuona.

Alianza kulala mchana. Sauti ikawa nzito kama ya mtu mwenye homa. Uso ukavimba kidogo chini ya macho, na shangazi yako akasema, "Angalia mama vile amenona." Alikuwa akisikia baridi, lakini Dundori ni nani hasikii baridi? Halafu akaanza kusahau. Akatia chumvi kwa githeri ya mahindi na maharagwe mara mbili, akaita ng'ombe majina ya ng'ombe waliokufa nikiwa darasa la tatu. Akawa anauliza swali, unamjibu, na kabla ujifute jasho anakuuliza tena. Shangazi yako alisema kuna mtu amemfanyia kitu. Mimi nilisema ni uzee. Nilisema kama mtu anayejua, na sikuwa najua chochote.

Na nilikuwa mkali, Wambui. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Unakumbuka ile siku ya mbegu? Waru za mbegu nilikuwa nimezitandaza kwa kile chumba cha giza, zimeanza kuchipua vizuri, tunangoja mvua. Wageni wa kanisa wakaja, na shosho akataka kuwapikia kitu. Nilipofika jikoni sufuria kubwa ilikuwa inatokota, na mbegu ya shamba zima imo ndani. Nilipiga kelele mpaka wageni wakaacha kuongea. Nilimwambia mama yangu mbele ya watu, "Umekuwa mtoto?" Aliangalia sufuria, akaniangalia mimi, akauliza kwa ile sauti yake nzito, "Kwani nimefanya nini?" Hakuwa anajitetea. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua.

Wewe ndiye uliinuka. Ulimshika mkono ukampeleka nje kwa jua. Jioni ndiyo ulinijia zizini: "Baba, mbona shosho anavaa sweta tatu na jua linawaka? Na mbona sauti imebadilika? Uzee unabadilisha sauti?" Nikakuambia uache maneno ya vitabu. Ukasema twende hospitali. Nikakuuliza hospitali gani hiyo inatibu uzee. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lilikuwa langu.

Ukampeleka bila mimi. Ulimdanganya eti mnaenda kuangaliwa meno. Haki ya Mungu, mtu ambaye amebakisha meno ya kuhesabiwa kwa mkono mmoja! Nilipojua nilikasirika, halafu nikaona aibu, halafu siku ya majibu nikawafuata nikinung'unika njia yote.

Yule daktari kijana alikuwa na subira. Alituonyesha shingo yake mwenyewe, hapa chini ya koo, akasema kuna tezi ndogo inakaa hapo. Tezi hiyo inatoa homoni, homoni inaingia kwa damu, na damu inaipeleka mwili mzima mpaka kwa ubongo. Ya shosho ilikuwa imechoka. Akasema damu ina alama mbili za kuangalia: homoni ya tezi yenyewe, ambayo kwa shosho ilikuwa kidogo sana, na nyingine inayotoka kichwani kuiamsha hiyo tezi, ambayo ilikuwa imepanda juu mno. "Kichwa kinapiga kelele, tezi haiamki," akasema. Nikamwambia hiyo naijua, ni kama mimi na wewe siku za shule. Ulinipiga kiwiko.

Nikamuuliza kama shosho atapona kusahau. Ningependa aseme ndiyo. Lakini alisema, "Mzee, sitakudanganya. Homoni ikipungua, mtu wa miaka yake anaweza kuonekana amepotewa na akili, kumbe shida ni damu. Hiyo tunaweza kutibu. Lakini kuna kusahau kwingine kwa uzee ambako hakutoki kwa tezi, na mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Tumrudishie homoni kwanza, halafu tuone nini kitarudi nayo." Wakati huo nilimwona kama mtu asiyejua kazi yake. Siku hizi namheshimu sana kwa yale maneno.

Sasa nifike kwa makosa yangu makubwa, na ucheke, nakuruhusu.

Daktari alisema tembe moja asubuhi, na maji, tumbo likiwa tupu, halafu angoje kabla ya kula chochote. Wewe ulisikia. Mimi pia nilisikia. Lakini asubuhi ulikuwa unawahi masomo yako ya kompyuta mjini, na kazi ya dawa ikabaki kwangu. Na wewe unajua hii nyumba. Hapa hakuna mtu amewahi kumeza dawa na tumbo tupu. Mama yangu mwenyewe ndiye alitulea hivyo: dawa ni kali, inakata matumbo, weka kitu ndani kwanza. Na ni kitu gani kinaingia kwanza kwa mtu wa Dundori alfajiri? Chai. Chai ya maziwa ya ng'ombe wetu, nzito mpaka inaacha utando kwa kikombe. Basi nilikuwa nikimpelekea tembe kwa mkono mmoja na kikombe kikubwa kwa mkono mwingine, na nikijiona mtoto mwema kabisa.

Wiki zikapita. Shosho akawa yule yule. Damu ikapimwa tena, na zile alama hazikuwa zimesonga kitu cha maana. Nilikuambia, "Si nilisema?" Nilisema kwa furaha kidogo, Mungu anisamehe. Nilikuwa nafurahia kushinda mtoto wangu, na aliyeshindwa alikuwa mama yangu.

Ndipo siku moja nikaenda kuchukua dawa zingine kwa yule mzee Mhindi wa duka la dawa, yule aliyezaliwa hapo hapo mjini na anajua kila mtu ana ugonjwa gani. Akaniuliza mama anaendeleaje. Nikamwambia dawa zenu ni bure tu. Akauliza, "Anakunywa na nini?"

"Na chai," nikasema. "Na si chai ya rangi. Chai ya maziwa, ile ya ukweli."

Akavua miwani. "Wewe Kamau, hiyo dawa inanywewa na chai, si na mama yako. Maziwa yanaishika huko tumboni, haiingii kwa damu. Maji peke yake! Chai baadaye, saa nzima baadaye."

Watu wote kwa foleni wakacheka. Nilitoka hapo masikio yanawaka. Nikafika nyumbani nikakuambia, na nilikuwa tayari unipige na maneno, kwa sababu nilistahili. Wewe ulisema tu, "Ulikuwa unamtunza, Baba. Sasa tumtunze na maji." Sijui ni nani alikufundisha kuongea hivyo. Si mimi.

Na hiyo saa ya kungoja chai, woi! Vita. Shosho ameketi kwa kiti chake, anasikia harufu ya chai jikoni, na anaambiwa bado. "Mnaninyima chai kwa boma yangu?" Siku nyingine anagonga fimbo chini: "Ngoja ngoja huumiza matumbo!" Wewe ulikuwa unakaa chini kando yake unamuuliza hadithi za madalali mpaka saa inaisha.

Halafu kukaja ile asubuhi. Nilikuwa nakamua, nikasikia sauti nyuma yangu, nyembamba, sauti yake ya zamani: "Nani amefunga huyu ng'ombe karibu na waru hivi? Kamau, una akili wewe?" Aliniita jina langu, na akanitukana sawasawa. Nilimwambia "Pole, Mama," nikahamisha ng'ombe, nikaenda nyuma ya zizi nikalia mpaka mbwa akaja kuniangalia. Sijawahi kukuambia. Wewe ndiye ulinirudishia hayo matusi, Wambui, na nikiishi miaka mia nitakuwa bado nakushukuru.

Na Januari, mambo yalipoharibika baada ya uchaguzi, barabara ya mjini ikafungwa na jamaa zetu wa Molo wakaja kulala sebuleni na watoto na magodoro, dawa ikaisha. Tulimwona akianza kurudi kule gizani, sauti kwanza, halafu majina. Wewe ulipanda juu ya tangi la maji kutafuta netwaki ukampigia yule mzee wa duka la dawa. Alifungua mlango wa nyuma, akafunga chupa kwa gazeti, akampa dereva wa lori la maziwa, mtu ambaye si wa kabila letu, na wiki zile hilo halikuwa jambo dogo. Dereva alifika hapa getini, akapiga honi, akasema, "Ya shosho hii," akageuza gari. Hata chai alikataa. Nikisali, hao wawili nawataja kwanza.

Sasa nakuja kwa lile la juzi, ambalo wewe na mimi tulilisikia pamoja. Daktari alisema damu ya shosho sasa iko sawa. Tezi imepata homoni yake, alama zote mbili zimekaa mahali pake. Lakini anasahau bado, polepole, na huko ni kule kusahau kwingine alikotuambia tangu mwanzo. Tembe ilitupa ilichoweza. Iliyobaki haina tembe ya kuirudisha.

Ulirudi na hayo moyoni, ukafungua sanduku.

Sitakudanganya nami. Unauliza kama ukirudi atakujua. Sijui. Labda Desemba atakujua, labda atakuita dada yake. Na najua kingine unachoogopa, kwa sababu daktari alisema magonjwa ya hiyo tezi hupenda kufuata familia, wanawake hasa. Una jina lake, labda na shingo yake. Basi ukifika umri wa kuanza kuchoka bila sababu, pimwa damu, ni jambo la sindano moja. Usilibebe kabla halijafika. Yeye alipata mjukuu wa kumwangalia akiwa amechelewa, na bado tulipata mwaka mzima wa yeye mwenyewe. Mimi nahesabu hiyo ni zawadi, na nikiwa nyuma ya ng'ombe asubuhi nasema asante kwa sauti.

Umesema siku hizi dawa anaipokea kwa mkono wako tu. Ni kweli. Kwako anasema, "Huyu ni mimi, siwezi kujipa sumu." Mimi ananiona ni baba yangu, Mwangi, aliyekufa zamani, na kwa Mwangi hapokei kitu, kwa sababu aliuza mtamba wake, ng'ombe ambaye hajazaa bado, bila kumuuliza. Tangu aanze hivyo nimekuwa nikimsahihisha. "Mama, mimi ni Kamau! Baba alikufa!" Kila nikisema hivyo anafiwa upya, na tembe inabaki mkononi mwangu. Wewe humsahihishi. Akisema ni asubuhi ya zamani, unamuuliza mvua ilikuwa imenyesha? Nimekuangalia muda huo wote nikiwa mlangoni, na sikutaka kujifunza kutoka kwa mtoto. Leo nimejifunza.

Ulikuwa unaoga ukijitayarisha kwenda mjini. Nikachukua tembe na kikombe cha maji nikaingia kwake. Akaniangalia kwa jicho baya. "Mwangi, mtamba wangu uko wapi?"

Nikapiga magoti hapo kando ya kitanda. Nikasema, "Niliuza bila kukuuliza. Nilikosea, mama Kamau. Nisamehe."

Aliniangalia kutoka kichwani mpaka magotini. Halafu akanyoosha mkono, akachukua tembe, akameza, akamaliza maji yote. "Ungesema hivyo mapema," akasema, "tungekuwa tumelala vizuri miaka hii yote."

Kwa hivyo hilo la dawa limekwisha. Nitaomba msamaha wa mtamba kila asubuhi mpaka nife, na nitaomba nikifurahi.

Nikaketi naye tungoje ile saa. Ukapita dirishani na taulo kichwani, ukikimbia baridi. Akakufuata na macho mpaka ukaingia, na nilipomgeukia uso wake ulikuwa umefunguka, alikuwa yeye kabisa. "Kamau," akasema, "kwa nini yule msichana wa jina langu ana huzuni?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia umeitwa chuo Nairobi, na hutaki kwenda kwa sababu yake, unaogopa atakusahau.

Akacheka. Alicheka na mwili mzima, mpaka akashika kifua. Halafu akaacha kucheka, akanishika mkono, akasema maneno ambayo nimekaa nayo tangu asubuhi, na ndiyo yamenifanya nitafute kalamu. Nakuandikia vile vile alivyoyasema:

"Mwambie aende. Mimi nitasahau kwamba aliondoka. Yeye hatasahau kwamba alibaki."

Nguo zako nimezirudisha kwa sanduku mwenyewe. Nimezikunja vibaya, lakini ziko zote.

Nenda, mama.

Baba yako,
Kamau